Kuchora yanayosemwa mkutanoni: mkono unalitangulia sikio, nifanyeje?

KatibuWaMaji (Iringa)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja mkoani Iringa. Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikiyachora kwenye bango kitita mambo yanayosemwa katika mikutano yetu, pamoja na kuyaandika katika daftari la muhtasari. Nilianza kufanya hivyo kwa sababu daftari husomwa na watu watatu au wanne tu, ilhali mkutano huhudhuriwa na zaidi ya watu mia moja, na kila mmoja huondoka na kumbukumbu yake mwenyewe ya kile tulichokubaliana. Sikusomea uchoraji. Mtu namchora kwa duara na mistari mitano. Tangi ni mstatili. Nachora koki, ndoo na ng'ombe, kisha naongeza maneno machache kwa herufi kubwa, basi.

Nina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba ninapochora sisikii vizuri. Nikimaliza kumchora mama aliyejitwika ndoo, mzungumzaji amekwisha kusema mambo mengine mawili, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa na uzito. La pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita tuliitana kujadili mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, kwa kuwa kilula kimoja (kituo cha kuchotea maji) sasa kinatumiwa pia na familia zilizohamia karibuni na ng'ombe wao, na foleni imekuwa ndefu. Mzee mmoja tunayemheshimu alisimama akasema, kwa upole kabisa, kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nami nikachora kuku mwenye kamba mguuni, kando ya kilula. Mzee aliposema, hakuna aliyenung'unika. Nilipochora, baba mmoja wa familia zile aliinuka akauliza ni nani aliyeamua kwamba watoto wake ni kuku. Mzee mwenyewe alihuzunika, kwa kuwa hakukusudia hivyo, na mkutano ukavunjika kabla hatujafika kwenye mbauti.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Je, nirudi kwenye daftari peke yake? Kama nitaendelea, nifanyeje ili mkono usilitangulie sikio? Methali zichorwe au zisichorwe? Tena kuna maneno kama "uwajibikaji" na "ushirikishwaji", ambayo viongozi wetu huyatumia katika kila hotuba, na mimi sioni hata pa kuanzia kuyachora.

MwezeshajiDodoma

Ndugu Katibu, tafadhali usiache. Nimeendesha warsha za kupanga maendeleo ya vijiji kwa miaka mingi, tangu mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ulipoanza kutumika katika halmashauri zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nimeona mara nyingi kwamba mstari mmoja uliochorwa mbele ya watu huzuia ubishi ambao kurasa kumi za muhtasari haziwezi kuuzuia.

Kuhusu sikio na mkono, nadhani tatizo lako ni kuanza kuchora mapema mno. Angalia jinsi watu wetu wanavyozungumza mkutanoni. Mtu huanza kwa kusalimu meza kuu, hushukuru kwa nafasi, hueleza ilivyokuwa mwaka juzi, hutaja aliyoyasikia kwa jirani, na lile alilosimama kulisema hulitoa mwishoni, pengine akiwa ameanza kuinama akae. Mchoraji anayefuata kila neno atakuwa anachora utangulizi wakati hoja yenyewe inapita. Kwa hiyo weka kalamu chini na umtazame mzungumzaji usoni. Kama unaogopa kusahau, andika neno moja au mawili kwenye kikaratasi cha mkononi. Akishakaa ndipo uchore, kitu kimoja tu kwa kila mtu, kisha umgeukie umuulize: "Je, ndicho ulichosema?" Mwombe mwenyekiti mapema akupe nusu dakika baada ya kila mchango. Wenyeviti wengi hukubali, kwa kuwa ukimya huo mfupi hupoza pia ndimi za wanaotaka kudakia.

Jambo la pili ni maandalizi. Vitu ambavyo havitabadilika wakati wa mkutano, kama vile tangi, bomba kuu, vilula, barabara na shule, vichore nyumbani kabla. Unganisha karatasi nne za bango kitita kwa upana ili upate nafasi, maana karatasi moja ya A1 ni milimita 594 kwa 841 tu, na katika mkutano wa watu mia moja huo ni uwanja mdogo sana. Mbele ya watu utakuwa unaongeza wanadamu, mifugo na maneno. Tumia makapeni nyeusi kwa vitu vyote na rangi moja nyingine kwa makubaliano peke yake, ili atakayeangalia baadaye ajue lililokubaliwa bila kuuliza. Rangi ya njano usiitumie kwa maandishi, kwani aliyekaa chini ya mwembe hataiona. Herufi ziwe na kimo cha vidole viwili au vitatu, na wewe usimame pembeni. Nimewahi kuona mchoro mzuri uliozibwa na mgongo wa mchoraji kwa saa nzima.

Ama kuhusu "uwajibikaji", nakushauri ujifunze kuyashuku maneno yote marefu yanayoanza na u-: uwajibikaji, ushirikishwaji, uwezeshaji, uendelevu. Hayana sura, na hayo hayachoreki hata na fundi. Lakini kila moja limefunika kitendo, na kitendo kina mtu, kina mikono, kina mahali. Diwani akisema "tatizo letu ni uwajibikaji", muulize kwa adabu ni lini alipoona mara ya mwisho kwamba haupo. Pengine atajibu kwamba mweka hazina hajasoma hesabu mbele ya wanakijiji tangu masika. Sasa una cha kuchora: daftari lililofungwa, na watu wanaolitazama. Tena utagundua kwamba mjadala wenyewe umebadilika, maana hakuna anayepinga uwajibikaji, ila wapo watakaopinga kusoma hesabu kila mwezi, na hapo ndipo mkutano unapoanza kufanya kazi yake.

Kuchora yanayosemwa kikaoni si jambo geni duniani. Huko San Francisco katika miaka ya 1970, David Sibbet na wenzake waliifanya kuwa kazi inayojitegemea, baada ya kuona namna wasanifu majengo na wasanifu wa vitu wanavyofikiri pamoja huku wakichora ukutani. Ila wao walikuwa na wasikilizaji waliozoea chati na karatasi, kwa hiyo chukua ufundi wao na uyapime mazoea yao kwa watu wako.

MjukuuWaKolwezi

Ndugu Katibu, pole kwa yaliyokupata. Mimi ni mzaliwa wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, na upande wa mama yangu ni Wachokwe, watu ambao wako pia Angola na Zambia. Kwetu kuna michoro iitwayo sona. Bwana anayejua, akiwa ameketi na wenzake, husawazisha mchanga kwa kiganja, hudonoa nukta kwa ncha za vidole katika safu zilizopimwa kwa nafasi sawa, kisha huanza kusimulia, na kidole chake hupita kati ya nukta hizo kwa mstari unaopinda na kuzunguka, mara nyingi bila ya kukatika hadi unaporudi ulikoanzia. Hadithi na mstari huenda pamoja. Vijana walifundishwa baadhi ya michoro hiyo jandoni, nayo iliyo migumu ilihifadhiwa na mabingwa wachache. Anayesitasita katikati ya mstari huonekana mbele ya watazamaji kuwa hajui. Mwanahisabati wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliichunguza kwa miaka mingi na kuonyesha hisabati iliyomo ndani yake, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza sona ya Angola katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Naisimulia kwa sababu ndani yake nimeona jibu la swali lako. Mchoro wa sona ukiukuta peke yake mchangani, hujui ni wa nini. Aliyekuwapo ukichorwa anajua, kwa kuwa kila pindo alilipata pamoja na neno lake. Mchoro wa mkutanoni ni hivyo hivyo. Watu huuelewa kwa sababu wameuona ukizaliwa, na uzuri wa mkono wako hauna sehemu kubwa katika hilo. Kuku wako naye alizaliwa mbele ya watu, lakini alizaliwa bila neno. Mzee alikuwa amesema kwa fumbo, wewe ukachora fumbo lenyewe, na hapakuwa na mtu aliyesema maana yake.

Kwa maoni yangu, methali usiichore kamwe kwa sura yake. Mzee hutumia methali ili aseme jambo zito bila kumtaja mtu. Ni nguo aliyolivika neno lake, na kila msikilizaji ana uhuru wa kuamua kama limemhusu au halikumhusu. Ukichora, uhuru huo unaisha, maana kuku anakaa mahali fulani, kando ya kilula fulani, naye anayeishi karibu na kilula hicho hana pa kujificha. Ulichopaswa kufanya ni kumwendea mzee kwa heshima na kumuuliza: "Babu, ungependa wageni wetu wafanye nini, na sisi wenyeji tuwafanyie nini?" Jibu lake ndilo la kuchorwa. Huenda angesema tu kwamba wageni wasubiri zamu kwa muda huku wakijifunza utaratibu wetu, jambo ambalo hata yule baba asingelikataa.

Mwombe radhi yule baba, tena nyumbani kwake, kabla ya mkutano ujao.

MhudumuWaAfya (Kwale)

Nakubaliana na ndugu wa Kolwezi, na ningependa kuongeza jambo ambalo wachoraji wengi hulisahau: picha nayo husomwa, na kusoma hujifunzwa. Mwaka 1976 UNICEF, kwa kushirikiana na taasisi moja ya Nepal, ilichunguza jinsi wanavijiji wa huko walivyozielewa picha mbalimbali. Michoro ya watu iliyorahisishwa kupita kiasi, yaani hao watu wetu wa duara na mistari mitano, ilitambuliwa na wachache kuliko picha zilizoonyesha kivuli, nguo na sura. Nilipojifunza habari hiyo nilishtuka, kwa sababu siku zote nilifundishwa kwamba kadiri mchoro unavyokuwa rahisi ndivyo unavyoeleweka.

Yaliyonitokea mwenyewe yalinithibitishia. Nilikuwa nikizungumza na kina mama kuhusu njia ambazo uchafu wa chooni hupitia hadi kumfikia mtoto, nikachora choo, kisima na mtoto, kisha nikaviunganisha kwa mishale. Bibi mmoja aliniuliza kwa uchungu kwa nini mtoto anapigwa mishale. Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili chetu alama ile tunaiita kwa jina la silaha, na mtu ambaye hakuizoea shuleni hana sababu ya kuiona kuwa njia. Tangu siku hiyo nachora nyayo za watu, kwato za mifugo, au mfereji wa maji unaotiririka, kulingana na kinachosafiri. Nyayo hazijawahi kunihitaji kueleza mara mbili. Hata mbinu ile ya PHAST ya elimu ya usafi, iliyojaribiwa katika miaka ya 1990 hapa Kenya na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, ilisisitiza kwamba picha zichorwe na wasanii wa mahali penyewe, zikionyesha nyumba, mavazi na vyombo ambavyo watu wanavijua.

Haya yana matokeo kwako, Ndugu Katibu. Waliohudhuria watauelewa mchoro wako kwa kuwa waliusikia, lakini ofisa atakayekuja baada ya miezi sita hataona kitu. Kabla mkutano haujafungwa, andika chini ya kila picha sentensi moja kamili yenye mtendaji na kitendo, isome kwa sauti, weka tarehe, kisha upige picha kwa simu. Daftari lako la muhtasari usiliache, kwani kisheria ndilo linalotambuliwa.

MwalimuMstaafu (Machakos)

Wenzangu wamesema vyema, lakini naomba kutofautiana na ndugu wa Dodoma katika jambo moja, nalo si dogo. Amemshauri Katibu achore ramani nyumbani kabla ya mkutano. Kwa kufanya hivyo, ramani inakuwa ya Katibu. Ataamua yeye barabara ipite wapi, nyumba zipi zionekane na zipi ziachwe nje, na familia hizo zilizohamia karibuni, nina hofu, hazitakuwamo.

Huku kwetu Machakos, mwaka 1988, Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira pamoja na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walifanya kazi na wanakijiji kupanga matumizi ya mali yao ya asili, na kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa chimbuko la njia shirikishi ambazo baadaye zilienea duniani. Robert Chambers, aliyezieleza njia hizo kwa miaka mingi, alikuwa na maneno aliyopenda kuyarudia: kukabidhi fimbo. Anayechora ardhini kwa fimbo ndiye mwenye mamlaka kwa dakika ile, kwa hiyo mwezeshaji aitoe fimbo mkononi mwake, akae, anyamaze. Chora ardhini, kwa majivu, mawe, majani na vijiti. Mtu asiyewahi kushika kalamu haogopi jiwe. Mstari ukikosewa unafutwa kwa mguu, na hakuna anayeaibika.

Kuna na sababu nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa maneno, mengine wayachore na mengine wayaandike, kisha wakaulizwa wanayoyakumbuka. Waliyoyachora waliyakumbuka zaidi sana kuliko waliyoyaandika, na uzuri wa mchoro haukuwa na athari. Sasa tafakari: aliyefaidika ni yule aliyechora. Ndugu Katibu, ikiwa kwa mwaka mzima kalamu imekuwa mkononi mwako, basi anayekumbuka vizuri kuliko wote makubaliano ya kijiji ni wewe, ambaye tayari ulikuwa na daftari.

Kuhusu mbauti, ningewaomba wenye ng'ombe wachore wenyewe njia ya mifugo kutoka zizini hadi majini, na kina mama wachore njia yao ya ndoo, kila kundi kwa aina yake ya majani au mawe. Mahali njia hizo zinapokatana ndipo ugomvi ulipo.

MwezeshajiDodoma

Mwalimu, nimekuelewa, na nakiri kwamba ramani iliyotoka nyumbani kwa Katibu itawaacha wageni nje. Nayafuta maneno yangu kuhusu nyumba na njia. Tangi na bomba kuu bado naona vinaweza kuchorwa mapema, kwa sababu hayo ni mambo ya fundi na havibishaniwi. Hata hivyo nakuomba nawe ukumbuke kwamba fimbo ikiwekwa katikati ya mkutano mkuu, wa kwanza kuiokota huwa ni mwanamume, tena mwenye sauti, na wanawake hubaki wamesimama nyuma hadi ramani inakamilika. Ndiyo maana mimi hutenganisha makundi kwanza, kina mama wakachora peke yao, kisha ramani mbili zikawekwa pamoja. Zinapotofautiana, na hutofautiana karibu kila mara, usiharakishe kuzipatanisha. Waache watu wazitazame.

KatibuWaMaji (Iringa)

Ndugu zangu, nawashukuru nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kuyajaribu niliyoambiwa.

Nilikwenda kwa yule baba, nikiwa na mzee aliyesema methali. Mzee ndiye aliyezungumza zaidi. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alihamia kijijini akiwa kijana, na kamba ile ilikuwa mguuni pake kwa miaka mitatu. Habari hiyo hata mimi sikuijua. Tulikaribishwa uji, na suala la kuku likaishia hapo.

Mkutano tuliufanyia uwanjani kando ya kilula. Kina mama walichora upande wao kwa majivu, wenye mifugo wakatumia mawe. Njia za ng'ombe na za ndoo zilikatana mahali pawili, nasi sote tulidhani ni mahali pamoja tu, pale kwenye foleni. Pa pili ni bondeni, ambapo ng'ombe hupita alfajiri wakati watoto wanaokwenda shule wanachota maji ya kwanza. Aliyeweka jiwe pale ni mke wa yule baba, na hakusema neno lolote. Aliliweka tu, akarudi nyuma. Mwenyekiti ndiye aliyemwuliza, naye akaeleza. Tulikubaliana mbauti ijengwe upande wa chini, mbali na kilula, na mifugo inyweshwe baada ya watoto kuondoka. Gharama za bomba la ziada hatukukubaliana, na sina hakika kwamba tutakubaliana kabla ya mavuno.

Kusikiliza bado kunanishinda mara kwa mara. Mara mbili nilijikuta nimeinua kalamu wakati mtu angali akisalimu meza kuu, nikairudisha mfukoni. Ramani ya ardhini niliinakili kwenye bango siku hiyo hiyo, nikaandika sentensi chini yake, nikachora kwato na nyayo badala ya mishale, kisha tukaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji unaotazama njia. Wiki iliyofuata nilikuta mtu ameongeza kwa mkaa, kwenye njia ya watoto bondeni, koki ya pili. Sijui ni nani aliyeichora. Nimeiweka katika ajenda ya mkutano ujao.